Kompyuta Inayovuma

Cha kale kinyemi, ingawa kidonda. Wenye methali yao wanaisema kinyume, kwamba kipya ndicho kinyemi, lakini hao hawakuwahi kufika kwa Restuta pale Ipagala wakaisikia kompyuta yake ikiwaka.

Ilikaa sebuleni, juu ya meza ya mninga aliyoiacha baba yake. Boksi lake lilitoka kiwandani likiwa jeusi; sasa lilikuwa na rangi ya udongo. Kioo chake kilikuwa na mstari mwembamba wa kijani upande wa kulia, umesimama wima kama jani la mtama. Ukiiwasha, kwanza ilikohoa. Kisha ilinyamaza kidogo, kama mtu anayejiuliza ameamshwa kwa shida gani. Ndipo feni ilipoanza kuzunguka na mvumo ukaja, mnene, wa chini, unaopanda kidogo na kushuka kidogo, kama nyuki walio mbali. Jua likiwa kali mvumo ulipanda. Upepo wa jioni ukiingia dirishani, ule upepo wa Dodoma unaotembea na mchanga wake, mvumo ulilegea ukashuka. Mtu aliyejilaza kwenye kochi aliweza kukisia jua limefika wapi kwa kuusikiliza tu, macho kayafumba.

Restuta alikuwa mwalimu wa shule ya msingi asubuhi na mtunzi wa kwaya mchana, na ukimuuliza ipi kati ya hizo ndiyo kazi yake, angekutazama tu. Wanakwaya wake, wote wanawake, walikuja nyumbani kwa zamu. Aliifunga maikrofoni kwa leso isimeze upepo, akamrekodi mmoja mmoja, akazipanga sauti zao ndani ya kompyuta moja juu ya nyingine kama anayepanga kuni, kisha kila mmoja akatumiwa sehemu yake kwenye simu ajifunze huku anapika.

Aliishi na mama yake, Paulina. Mama alihamia mjini kutoka Chamwino baada ya kufiwa na mume na baada ya goti kuligomea shamba. Kule Chamwino jina lake lilijulikana hadi vijiji vya ng'ambo. Msiba ukitokea, harusi ikitokea, watu waliuliza kwanza kama Paulina amefika ndipo wakasogea karibu na ngoma. Alipofika Ipagala aliacha kuimba. Kuongea aliongea, tena vizuri. Majirani aliwasema, tamthilia za jioni alizisema. Wimbo ndio uliomtoka. Restuta alimuuliza sababu, na mama akamjibu kwa kumuuliza.

"Niimbe kwa kuanzia wapi?"

Restuta alielewa, maana alikulia katika jambo hilo. Kwa wanawake wa ukoo wa mama yake, wimbo hauanzishwi kwenye ukimya. Sauti huazimwa. Wao waliiazima kwenye jiwe la kusagia uwele, kwenye upepo uliokuwa ukipita juu ya tembe, kwenye mzinga wa nyuki ulioning'inia mtini. Kwanza kivume kitu, ndipo mtu aingie chini ya mvumo wake kama anavyoingia kivulini. Anayeanza wimbo katika kimya, walisema, anakula akiba ya kifua chake mwenyewe, na wimbo utamfia njiani. Ipagala kulikuwa na matofali, mabati na redio za majirani zinazogombana. Hapakuwa na kitu cha kuazima.

Mpaka feni ya kompyuta ilipougua. Zamani haikuvuma hivyo. Kilipita kiangazi kimoja cha upepo mwingi, vumbi likaingia tumboni mwake likaganda kwenye mabawa ya feni, na tangu hapo ikawa na sauti. Mchana mmoja Restuta alikuwa kaielekea meza, anahangaika na wimbo uliogoma kukaa sawa. Nyuma yake mama alikuwa kitini anachambua mlenda. Ikaja sauti. Ilitokea chini ya mvumo, polepole sana, hata Restuta hakujua ilianza lini. Alijua tu kwamba chumba kimekuwa kikubwa. Hakugeuka. Aliogopa kugeuka, kama mtu aliyetuliwa na ndege begani. Mama aliimba mpaka mlenda ukaisha bakulini, kisha akasema, "Niletee mwingine."

Basi tangu siku hiyo nyumba ile ikawa na mchana wa aina yake. Pazia la maua lilijaa upepo likatulia. Vumbi lilielea kwenye mwanga wa dirisha, jekundu, bila haraka. Kompyuta ilivuma, mama aliimba, na Restuta alielea katikati yao, hajalala wala hayuko macho, akihisi kwamba ukuta wa sebule umesogea nyuma na uwanda wote wa Chamwino umeingia ndani na ng'ombe wake na miiba yake. Mama aliiita kompyuta ile mzinga. "Washa mzinga," alisema akishamaliza kula.

Sasa kulikuwa na wimbo. Kanisa jipya lilikuwa linajengwa Msalato, na kwaya ya Restuta iliombwa kuimba siku ya kulifungua, Pentekoste. Restuta aliutaka wimbo mmoja wa kwao mama, wenye sauti tatu. Mbili zilijulikana na kila mwanamke aliyezaliwa upande ule. Ya tatu ilipita chini, ikazivuka zile mbili, ikatokea mahali ambapo hukuitegemea, na ndiyo iliyoufanya wimbo usimame. Hiyo alibaki nayo Paulina peke yake. Dada zake waliokuwa nayo walishazikwa. Kuifundisha kwa maneno hakuweza. Alipojaribu kuieleza ilikatika vipande, mwenyewe akacheka. Ilikuja nzima pale tu alipoimba, na aliimba pale tu mzinga ulipovuma.

Na hapo ndipo palipokuwa na mkosi. Kila mama alipofika katikati ya wimbo, kompyuta iliganda. Kioo kilisimama, mshale haukusogea, na sauti yote iliyokuwa imeingia ikapotea. Chombo pekee kilichomfungua mama kinywa ndicho kilichoshindwa kubeba alichokitoa. Restuta alijaribu simu, lakini ndani ya simu mvumo na sauti vilishikamana kama ukoko na sufuria, hakuna mwanakwaya aliyeweza kujifunza kitu humo. Mama naye alikuwa mtu mzima. Kuna asubuhi alipomwita Restuta kwa jina la shangazi aliyekufa zamani. Sauti ya tatu ilikuwa inaishi kifuani mwake tu, na kifua kile hakikuwa cha milele.

Akamwita fundi. Denis alikuwa na kibanda karibu na soko la Majengo, kijana mwembamba aliyetumia maneno mengi kuliko bisibisi.

"Shikamoo mama," alisema akiingia.

"Marahaba. Umekuja kuutazama mzinga?"

Denis alimtazama Restuta, Restuta akamwonyesha kompyuta kwa kidevu. Fundi akafungua boksi, akapiga chafya, akamulika ndani na tochi ya simu.

"Dada Restu, hapa hujafuga kompyuta, umelima shamba. Mvua ikinyesha humu kunaota karanga."

"Sema, inapona?"

"Kuna njia mbili. Ya kwanza, tunamwongezea memori, tunamtoa hii diski ya kizee tunamwekea zile mpya zisizozunguka, na feni naisafisha. Anakuwa mwepesi, hagandi tena. Ya pili, tunampumzisha kwa heshima zote, unachukua mpya. Mimi ningekuwa wewe ningechukua mpya. Hii ya kwanza ni kama kumvalisha bibi viatu vya mpira. Atakimbia, sikatai, lakini ni bibi."

"Bibi gani anayesemwa?" mama aliuliza kutoka kitini.

"Kompyuta, mama."

"Nilidhani."

Restuta aliinama karibu na boksi lililo wazi. "Ukiisafisha feni, itaendelea kuvuma?"

"Ivume ya nini tena? Si ndiyo raha yenyewe. Itanyamaza kabisa, hutajua kama imewaka. Na mpya ni hivyo hivyo. Njia zote mbili mwisho wake ni kimya."

Alilisema kama zawadi. Restuta akamwomba arudishe mfuniko, akasema ataamua wiki ijayo.

Wiki ile aliifikiria kompyuta kuliko alivyowahi kumfikiria mwanamume. Aliifikiria akiwa ubaoni darasani, chaki mkononi. Ukiongeza, unapata chombo chenye akili na bubu. Ukibadilisha, unapata bubu mwenye akili zaidi. Ukiacha ilivyo, mama ataimba, na wimbo utaendelea kumwagika kama maji kwenye chungu kilichotoboka. Alimweleza Paskazia, mwimbaji wake wa sauti ya kwanza, karani wa wizara aliyezaliwa Bukoba na kuletwa Dodoma na uhamisho.

"Nyie Wagogo mna mambo," Paskazia alisema. "Sisi kwetu wimbo tunauanza kwa kufungua mdomo."

"Ndiyo maana hamjui mnapoishia," mama akajibu bila kuinua macho kwenye bakuli lake.

Paskazia alicheka mpaka akaegemea mlango. Lakini alipokuwa anaondoka alimshika Restuta mkono akamwambia taratibu, "Usichelewe sana kuamua, mwenzangu. Pentekoste haitakusubiri wewe wala fundi wako."

Restuta hakuwahi kuamua. Aliamuliwa.

Alikuwa na kaka, Luka, afisa katika ofisi moja ya serikali kule Mtumba, mtu nadhifu aliyependa vitu vifanye kazi vinavyotakiwa kufanya. Luka alimpenda mama yake, na dada yake alimpenda pia, kwa namna ya watu wanaopenda kwa kukurekebisha. Jumamosi Restuta alikuwa Msalato na kwaya, wanapima jinsi sauti zinavyogonga kuta za kanisa ambalo bado halijapigwa lipu. Alirudi akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Alipofungua mlango alijua kabla hajaona. Nyumba ilikuwa na kimya cha nyumba ya wageni.

Juu ya meza ya mninga ilikaa laptopu, nyembamba, ya rangi ya majivu, imefunguliwa nusu. Luka alikuwa kwenye kochi, mikono kaikunjia kifuani, anatabasamu.

"Usiseme kitu kwanza. Nyimbo zako zote zimo. Nilimsimamia yule Denis mpaka ya mwisho ikaingia. Ile takataka nimemwachia, ameikubali kama sehemu ya malipo, nikaongezea mimi."

Restuta alimtazama mama. Mama alikuwa ameshika ukindu wa mkeka na alikuwa hausuki.

"Nilimwambia akuulize," mama alisema.

"Zawadi haiombewi ruhusa, mama," Luka alisema. "Nimewaambia wenzangu ofisini kwamba mtunzi wa wimbo wa Msalato ni dada yangu. Waje hapa waone nini, boksi la udongo?"

Kwao zawadi hupokelewa kwa mikono miwili, na Restuta aliipokea hivyo. Alisema ahsante. Na lazima isemwe kwa haki kwamba ile laptopu ilikuwa kitu kizuri. Ilifunguka kabla hujakaa vizuri. Haikuganda. Zile sauti alizokuwa anazisubiri zipangike kama anayesubiri maharage yaive, sasa zilijipanga akiwa bado anawaza. Siku za mwanzo Restuta aliifurahia, akajionea haya, akaifurahia tena.

Lakini mchana wa nyumba ile ulikuwa umeondoka. Mama alikaa kitini akimaliza kula, akatazama meza, akasubiri. Restuta aliwasha laptopu. Kimya. Pazia lilijaa upepo likatulia, na upepo ulikuwa upepo tu.

"Iko macho hiyo?" mama aliuliza.

"Iko macho."

"Haya."

Paskazia akaleta kinanda kidogo cha mwanawe. Alibonyeza noti ya chini, akaishikilia kwa kidole, noti ikatoka imenyooka kama rula. Akabonyeza nyingine, na nyingine, akitafuta ile iliyofanana na mvumo wa zamani, na kwa kweli akaipata. Mama aliinamisha kichwa akaisikiliza kwa adabu, muda mrefu, kama anayemsikiliza mgeni asiyejua lugha.

"Huyu hapumui," alisema mwishoni. "Kitu kisichopumua nitakiazima nini?"

"Jaribu tu, mama," Paskazia alisema. Safari hii hakutania.

Mama akajaribu. Ilitoka sauti ya kwanza, ile inayojulikana na kila mtu, na hata hiyo ilikuwa kavu. Akaiacha katikati akaomba maji.

Tangu hapo alianza kupungua. Mlenda ulinyauka bakulini. Tamthilia alizitazama bila kuzisema. Aliingia kulala jua likiwa bado kwenye mabati ya jirani, na akiulizwa alisema goti. Luka alipopiga simu aliambiwa na mama mwenyewe kwamba mashine ni nzuri, Mungu ambariki. Restuta aliyasikia maneno hayo kutoka jikoni, akahisi kama mtu anayesikia mlango ukifungwa taratibu kwa ustaarabu.

Mchana mmoja wa joto Restuta alipitiwa na usingizi kwenye kochi. Akaota yuko Chamwino, kwenye ua wa bibi yake mzaa mama, nyakati ambazo hakuwa amezaliwa. Udongo ulikuwa mweupe kama unga. Wanawake walipiga magoti kwenye mawe ya kusagia, wamempa mgongo, na mabega yao yalikwenda na kurudi, yalikwenda na kurudi, na unga ukamwagika kwenye vikapu kama maji. Mawe hayakutoa sauti. Ng'ombe walipita na kengele zisizolia. Wanawake wakainua vichwa, vinywa wazi, wakasubiri, na mmoja wao alianza kugeuka amtazame. Restuta alijua akigeuka kabisa atakuwa mama. Alijua pia kwamba ataulizwa kitu.

Akaamka. Mama alikuwa kitini pake, kinywa kidogo wazi, anatazama dirisha.

"Unataka nini, mama?"

"Hamna. Nilidhani nimesikia kitu kwa mbali." Mama alifunga kinywa. "Ni upepo."

Restuta aliinuka, akanawa uso. Aliifunga laptopu, akaichomoa waya, akaitia kwenye mkoba wake wa shule.

Denis alikuwa na mteja. Restuta alisubiri mpaka mteja akaondoka, kisha akaiweka laptopu mezani kati ya simu zilizofumuliwa.

"Ile yangu iko wapi?"

Denis aliashiria chini ya meza kwa mguu. Boksi la rangi ya udongo lilikuwa pale pamoja na kioo chake, limefungwa kamba, limeandikwa kwa chaki nyeupe jina ambalo si la Restuta.

"Kuna jamaa anakuja kuchukua vipande vyake kesho. Kwani hii imekuwaje? Imegoma?"

"Haijagoma. Nairudisha. Nipe ile, na kwa fedha inayobaki uniwekee memori na diski uliyosema."

Fundi alikaa kwenye stuli yake. "Dada Restu. Hakuna mtu amewahi kuingia humu ndani akaomba hivyo. Wanakuja na ya zamani wanaondoka na mpya. Wewe unaitembeza dunia kinyumenyume."

"Unaweza au huwezi?"

"Kuweza naweza. Hasara si yangu." Aliikata kamba, akafungua boksi, na kwa mara ya kwanza tangu Restuta amfahamu alifanya kazi bila kuongea. Memori ikaingia. Diski ya kizee ikatoka, mpya ikakaa mahali pake, na nyimbo zikahamishwa kutoka laptopu kurudi nyumbani kwao pa zamani. Kisha Denis akachukua brashi yake ndogo akaielekeza kwenye feni.

"Hiyo usiiguse," Restuta alisema.

"Hii ndiyo ugonjwa wenyewe."

"Najua."

"Hujui. Sikiliza, mimi nakueleza kama ndugu. Feni ikivuma hivi ina maana inashindwa kuzunguka. Itapata joto, itakwama, siku itakayokwama itaondoka na kila kitu. Labda mwakani. Labda kabla ya mvua. Nikiisafisha unakaa nayo miaka."

Restuta aliyasikiliza yote. Haikuwa kwamba hakumwamini. Alimwamini kila neno. Aliyatazama yale mabawa madogo yaliyofunikwa na udongo mwekundu uliogandamana, akamwona mama akiwa na bakuli mapajani.

"Basi itafia kwangu," alisema. "Iwashe."

Boksi lilikohoa. Likanyamaza kidogo. Restuta alijikuta ameshika ukingo wa meza ya fundi, maana hakujua kama mashine iliyobadilishwa matumbo hurudi na roho ile ile. Kisha mvumo ukaja, mnene, wa chini, ukapanda kidogo kwa joto la kile kibanda.

"Ndiyo hii kelele?" Denis aliuliza.

"Ndiyo."

Denis alisikiliza, akatikisa kichwa, akamfungia boksi na kioo ndani ya shuka kuukuu ili visigongwe njiani.

Restuta aliliweka boksi juu ya meza ya mninga, mama akiwa kitini pake. Aliunganisha nyaya. Akaifunga maikrofoni kwa leso, akaisogeza karibu na kiti. Akawasha. Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa magharibi, mwanga umekuwa wa rangi ya asali, na vumbi likapanda ndani yake likizunguka taratibu.

Muda ulipita. Restuta alitazama mstari wa kijani kwenye kioo. Mvumo ulijaa sebuleni mpaka kwenye kona, ukapita chini ya milango, ukasimama. Na mama akaingia chini yake. Safari hii alianza na sauti ya tatu moja kwa moja, kama mtu aliyechoka kubisha hodi akaamua kupita uani. Ilishuka, ikazivuka zile mbili ambazo hazikuwepo ila zilisikika, ikatokea mbali, mahali ambapo Restuta alishapasahau. Ilipofika katikati, pale penye mkosi, Restuta aliukazia macho mshale. Kioo hakikuganda. Mama alipita. Aliimba mpaka mwisho, na alipofika mwisho aliurudia, kwa kujifurahisha tu. Nje mtoto wa jirani aliyekuwa akilia alikuwa amenyamaza.

"Imeingia?" mama aliuliza.

"Imeingia yote."

"Niletee mlenda."

Jumapili mchana Paskazia alikuwa sakafuni, kaweka simu sikioni, anaifuata sauti ya tatu kwa midomo. Alikuwa ameshaikosea mara nyingi na ameshachekwa mara nyingi. Ndipo Luka alipoingia, amevaa suti ya kanisani, na akasimama katikati ya sebule akiusikiliza mvumo.

"Shikamoo mama," alisema. "Hiki ni nini?"

"Marahaba. Kaa, mwanangu."

Hakukaa. "Restuta. Laptopu iko wapi?"

"Nimeirudisha kwa Denis. Nimeichukua hii, nimeiongezea memori na diski."

Luka hakupaza sauti. Ingekuwa rahisi kama angepaza. Alisogea mezani, akagusa juu ya boksi kwa kidole kimoja, akakitazama kidole chake kilichokuwa chekundu.

"Mimi nilijinyima kwa ajili ya kile kitu. Niliwaza, dada yangu kila siku anahangaika, ngoja nimpunguzie. Nimekosea nini?"

"Hujakosea kunipenda," Restuta alisema. "Umekosea kuniamulia."

"Ungenipigia simu."

"Wewe ulinipigia?"

Paskazia alishusha simu taratibu. Kompyuta ilivuma. Luka alimgeukia mama kama mtu anayepeleka shauri kwa hakimu aliyemlea.

"Mama, mimi sidai kitu. Fedha imeshakwenda, imekwenda. Nataka aseme samahani tu, hapa mbele yako. Zawadi ya kaka yake ameirudisha dukani kama sahani yenye ufa. Aseme samahani, nikae, tule."

Mama aliweka bakuli chini. Alimtazama mwanawe wa kiume, akamtazama binti yake, na uso wake ulikuwa na uchovu wa mwanamke ambaye maisha yake yote amezima mioto ya ndani ya nyumba kwa neno dogo. "Mwombe kaka yako radhi, mwanangu," alisema. "Ni neno moja tu. Yaishe."

Lilikuwa neno moja kweli. Restuta alilisikia likija mpaka kwenye ulimi, jepesi, linalojulikana na kila mtu. Lingemkalisha Luka. Lingempumzisha mama. Na kesho yake, au mwezi ujao, feni ikikwama, Luka angeingia tena na kitu kingine cha kung'aa, akakiweka mezani bila kuuliza, kwa sababu wangekuwa wameshakubaliana hapa, wote wanne, kwamba mwenye kosa ni yeye.

Alisimama ili aongee na kaka yake wakiwa sawa kwa urefu.

"Shukrani yako ninayo, kaka, na nitakupa mbele ya mama na mbele ya kanisa zima ukitaka. Chakula kipo, nitakunawisha mikono mwenyewe. Lakini samahani hapana. Siombi leo, na kesho sitaomba."